Sumu za Shamba, Ghala na Jiko, na Maradhi ya Muda Mrefu

Mhadhara uliosomwa mbele ya wananchi wa Laela, Ufipa



Azma yangu ni kubainisha kwamba sehemu isiyo ndogo ya maradhi ambayo siku hizi tunayaita yasiyoambukiza, yaani saratani, shinikizo la damu, kiharusi, na maradhi ya ini, ya figo, ya mapafu na ya neva, huanzia katika sumu ziingiazo mwilini kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi, na kwamba kule kukawia kwa maradhi baada ya sumu ndiko kunakotupoteza njia tunapomtafuta mkosaji. Sisemi kuwa maradhi yote haya yanatokana na kemikali. Chumvi, pombe, tumbaku, uzee na urithi wa damu kila kimoja kina fungu lake. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 2 walikufa kwa sababu ya kemikali chache tu zilizoweza kufanyiwa hesabu, na karibu nusu ya vifo hivyo ilitokana na madini ya risasi peke yake. Nitaleta hoja tano, na naomba radhi mapema kwamba sitazigawia muda sawasawa, maana mbili kati yake zinawahusu watu wa Laela kuliko nyingine.

Hoja ya kwanza ni ya muda. Mtu akinywa dawa ya kuulia wadudu kwa bahati mbaya, kisa chake kinajulikana kabla ya jua kuchwa: atatapika, atatokwa na mate na jasho, mboni za macho zitasinyaa, naye atakimbizwa zahanati, na kila aliyekuwapo atajua sababu. Hali ya yule aliyepata tone moja leo na tone jingine wiki ijayo, msimu baada ya msimu, ni tofauti kabisa, kwa kuwa haanguki, haoni kitu, anaendelea kulima na kuzaa na kusomesha, hata siku ile maradhi yanapodhihiri, bomba alilobebea dawa limekwisha kuoza na duka lililomuuzia limekwisha kufungwa. Mwaka 1775 tabibu wa London aitwaye Percivall Pott aliandika juu ya saratani ya sehemu za siri iliyowapata wanaume waliokuwa wakisafisha dohani za moshi tangu utotoni. Masizi yaliyowashika wakiwa watoto yaliwaua wakiwa watu wazima. Na karibu na zama zetu, huko Oakland, California, damu ya wanawake wajawazito ilihifadhiwa kati ya mwaka 1959 na 1967, na watafiti walioongozwa na Barbara Cohn walipoilinganisha na afya ya mabinti waliozaliwa na mama hao, walitangaza mwaka 2015 kwamba mabinti ambao mama zao walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha aina moja ya DDT, dawa ya kuulia wadudu, walipatwa na saratani ya matiti takriban mara 4 kuliko wale ambao mama zao walikuwa na kiasi kidogo. Fikirini, hadhirina: dawa ilipulizwa, mama akaivuta au akaila, mtoto alikuwa bado tumboni, na saratani ikaja miaka hamsini baadaye. Ni nani kati yetu angeweza kuukumbuka mwanzo wa kisa hicho?

Hoja ya pili ni ya mahindi, na hapa nitakaa kidogo. Rukwa ni mmoja wa mikoa inayolilisha taifa hili. Malori yatokayo hapa kwenda Tunduma na Mbeya, na kutoka huko hata Dar es Salaam, nyote mnayajua kwa mngurumo. Lakini katika punje ya mahindi isiyokaushwa vema huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu tunayoiita sumukuvu, ambayo haikuletwa na kiwanda wala na mzungu, bali ni kemikali itokayo katika maumbile yenyewe. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu watu wengi huamini kuwa kitu kikitoka kiwandani ni hatari na kikitoka shambani ni salama, na imani hiyo imewagharimu wengi uhai wao.

Sumukuvu ilifahamika baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa nchini Uingereza kwa kula chakula kilichotengenezwa na karanga zilizoota kuvu. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, mwaka 2004 watu 317 waliugua katika wilaya za Ukambani nchini Kenya, na 125 kati yao wakafa. Na mwaka 2016 msiba kama huo ukatufika sisi Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hiyo ni sumu ya ghafla, nayo iliandikwa magazetini. Ile isiyoandikwa ni sumukuvu ya kila siku, inayoliwa katika ugali wa asubuhi na wa jioni kwa kiasi ambacho hakimwangushi mtu. Ini huipokea sumu hiyo na kuigeuza ili liitoe mwilini, na katika kule kuigeuza huzaliwa kitu kikali kinachojinasa kwenye DNA ya seli na kuharibu maandishi yanayoizuia seli isizaane ovyo. Mjini Shanghai, nchini China, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000, wakaona kwamba aliyekuwa na dalili za sumukuvu mkojoni alikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 3 kuliko asiyekuwa nazo; mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, mara 7; na mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Wale wenzangu walimu wa hesabu wataona kuwa 3 na 7 zikijumlishwa ni 10, na zikizidishwa ni 21, na hapa tumevuka yote mawili. Sumu haikai peke yake mwilini. Hukuta maradhi mengine yamekwisha tengeneza njia.

Kwa rehema ya Mungu, chanjo ya homa ya ini B imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga wa nchi hii tangu mwaka 2002. Basi watoto wetu wamepewa ngao upande mmoja. Sisi tuliozaliwa kabla hatukuipata, na mahindi tunayokula ni yale yale.

Yamkini mzee mmoja ataniambia kwamba Ufipa ni nchi ya baridi, na kuvu wa sumukuvu anapenda joto. Asema kweli, na ndiyo sababu misiba mikubwa imetokea nchi za joto na ukame. Hata hivyo pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kuna kuvu wengine, wa jamii ya Fusarium, wanaostawi hata penye ubaridi na unyevu, na sumu yao, fumonisini, iligunduliwa mwaka 1988 huko Afrika Kusini wakati wataalamu walipokuwa wakitafuta sababu ya saratani ya umio iliyowasibu watu wa Transkei, ambao nao ni wala mahindi kama sisi. Wataalamu wa kimataifa wameiweka sumu hiyo katika fungu la zile zinazodhaniwa kuleta saratani. Pili, mahindi yetu hayakai hapa. Gunia lililofungwa Laela likiwa na unyevu husafirishwa hadi penye joto la pwani, na huko ndiko kuvu aliyesinzia huamka. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyo hiyo ya sumukuvu, na ijapokuwa zuio lilibadilishwa kuwa masharti baada ya siku chache, mkulima aliyekuwa na shehena barabarani hakuweza kuzisahau siku hizo.

Sasa niseme la kutenda, maana sikuja kuwatia hofu na kuondoka. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu. Turubai moja hutumika misimu kadhaa. Kabla ya kufunga gunia, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje zako mpaka robo au theluthi ya chupa, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, yamekauka kiasi cha kuwekwa ghalani. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizogeuka rangi zichambuliwe kabla ya kupukuchua na baada yake, kwa kuwa sumu nyingi hujikusanya katika punje chache. Wala usitegemee moto: ugali uliopikwa ukaiva bado una sumu yake. Kukoboa hupunguza sumu, lakini inakwenda na pumba, na pumba hizo ndizo tunazowapa kuku na nguruwe. Na lililo baya zaidi, yale mahindi mabovu tuliyoyatenga kwa akili hupelekwa kwenye pombe ya komoni, nayo tunaipeleka kwenye ini lile lile.

Hoja ya tatu ni ya viuatilifu, nayo inahitaji insafu, kwa sababu mimi si katika wale wanaomwambia mkulima atupe dawa zote na kurudi kwenye matuta ya mviringo ya nyasi zilizofukiwa ambayo babu zetu wa Ufipa waliyalimia kwa ustadi mkubwa. Dumuzi, ambaye wakulima walimpa jina la Scania, alipoingia nchini akitokea pande za Tabora, aliigeuza akiba ya familia kuwa unga wa vumbi kwa miezi michache. Na mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipofika, wakionekana kwanza katika mkoa wetu huu wa Rukwa, walikula kitovu cha mmea mbele ya macho ya mwenyewe. Mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kulaumiwa kwa kununua dawa. Ninachokilaumu ni hali inayomfanya anunue bila ya kuelezwa na apulize bila ya kujikinga.

Tazameni bomba la mgongoni. Mfuniko wake umelegea, mpira wa ndani umechakaa, na kila anapoinama dawa humdondokea kiunoni na kulowesha shati na suruali. Ncha ya bomba ikiziba, aipuliza kwa mdomo. Kipimo ni kifuniko cha chupa, na kwa kuwa wadudu hawakufa jana, leo anaongeza kifuniko kimoja, na kesho anachanganya dawa mbili. Jioni arudi nyumbani, mtoto amrukie mapajani, na nguo zile zifuliwe na mkewe pamoja na nguo nyingine. Ngozi iliyo na jasho hunyonya dawa kuliko ngozi kavu, na nguo iliyolowa hukaa na dawa hiyo mwilini saa nzima. Kopo likiisha, huoshwa likawekwa mafuta ya taa au chumvi. Hayo yote mnayajua kuliko mimi. Lile pengine msilolijua ni kwamba wakulima waliotumia viuatilifu kwa miaka mingi wameonekana, katika tafiti za nchi mbalimbali, kupatwa zaidi na maradhi ya Parkinson, yale ya kutetemeka mikono na kukakamaa viungo, na zaidi na saratani za tezi za limfu. Dawa ya magugu iitwayo paraquat imekwisha ondolewa katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2007, ilhali iliendelea kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, ikiuzwa nchi za nje. Na jambo hilo, wenzangu, linaniudhi kwa dhati, kwani mwili wa mkulima wa Laela haukuumbwa kwa udongo mwingine.

Katika yote haya yapasa kusema kweli hata pale kweli isipokuwa kamili. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon liliiweka dawa ya wadudu iitwayo lindane katika fungu la vitu ambavyo ithibati yake ya kuleta saratani imetosha, na DDT na dawa ya magugu iitwayo glifosati katika fungu la vile vinavyoelekea sana kuleta. Lakini juu ya glifosati mamlaka ya chakula ya Ulaya yenyewe haikukubaliana na hukumu hiyo, na wataalamu wanaendelea kujadiliana. Mkulima asidanganywe kwamba mambo yamekwisha, upande huu wala upande ule.

Na dawa huishi kuliko waliozinunua. Mwaka 1986 nchi yetu ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa viuatilifu kiasi cha tani 170, baadhi yake vikiwa vimekwisha pitwa na wakati, vikawekwa katika shamba la serikali la Vikuge, Kibaha. Mwaka 1989 banda lilianguka, mvua ikavinyeshea, na watafiti waliokwenda huko miaka mingi baadaye bado waliikuta DDT katika udongo kwa wingi wa kutisha, na watu na mifugo wakiishi jirani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, wa kudhibiti kemikali za sumu zidumuzo muda mrefu, mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2020 imeunda mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao Arusha. Sheria ni njema. Lakini kutoka Arusha mpaka duka la pembejeo la Laela ni mbali, na mtu wa kwanza anayeweza kumlinda mkulima ni yule anayesimama nyuma ya kaunta, akamsomea maandishi ya kwenye chupa.

Hoja ya nne ni ya moshi, nami nitaipita upesi kwa sababu haina mgogoro. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020 vitokanavyo na moshi wa majumbani, kwa kiharusi, maradhi ya moyo, kuziba kwa njia za hewa, saratani ya mapafu na nimonia ya watoto. Ufipa mwezi Juni na Julai baridi hutulazimisha kufunga mlango na dirisha la jiko, na mama na mtoto mgongoni ndio wanaobaki ndani. Serikali imejiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Mpaka siku hiyo, bomba la moshi juu ya jiko na kuni zilizokauka vema si vitu vya kudharauliwa.

Ila kuna jambo moja la moshi ambalo siwezi kulipita. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na katika alama walizotafutiwa mojawapo ilikuwa macho mekundu. Wekundu ule ulikuwa wa moshi wa jikoni, wa miaka arobaini au hamsini ya kuwapikia watu wale wale waliowainulia mapanga. Sisi wa Sumbawanga tunajua uchungu wa kusemwa kwa uchawi na watu wasiotujua, kwa hiyo nataraji mtanisikiliza ninaposema kwamba kila ugonjwa unaokawia kuja huacha nafasi tupu mahali pa sababu, na nafasi hiyo, isipojazwa na elimu, hujazwa na jina la jirani.

Hoja ya tano ni ya risasi, na ni ya faraja kwa kiasi fulani, kwa sababu inaonyesha kuwa wanyonge wanaweza kushinda. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hadi 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mama mmoja aliyeajiriwa huko, Phyllis Omido, aliona mwanawe mchanga ameugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Akaacha kazi, akawakusanya majirani, akatiwa mbaroni, asirudi nyuma. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu kabisa, ambayo mwishoni mwa mwaka 2024 iliwapa wakazi haki yao. Risasi hujificha mifupani kwa miongo, hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo na hupunguza akili ya mtoto, kwa hiyo fidia haiwezi kuirudisha afya iliyopotea. Hapa Laela hatuna kiwanda. Tuna betri za sola na za pikipiki, na wanunuzi wa chakavu wanaopita kuzikusanya. Zikivunjwa uani, watoto wakachezea mabamba yake, tumejenga Owino Uhuru ndogo nyumbani kwetu. Na vijana wetu waendao kutafuta dhahabu Chunya na Mpanda, wakaichoma zebaki kwenye kikaango ndani ya chumba wanacholala, nao wasisahauliwe na mama zao wakirudi, waulizwe habari za mikono yao na usingizi wao.

Mwenyekiti, naona muda umekwenda, basi niseme ninayoyataraji. Leo mgonjwa wa saratani wa Ufipa anapofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja, aghalabu ugonjwa umekwisha komaa, na hakuna aliyemwuliza alikuwa akipuliza dawa gani na kwa miaka mingapi. Naomba zahanati yetu ianze kuandika, katika daftari lile lile la mgonjwa, kazi yake, dawa anazotumia shambani na ghalani, na nishati anayopikia. Haihitaji mashine wala bajeti. Miaka kumi ya maandishi hayo, hata yakiwa ya kata hii peke yake, yatawapa wataalamu wetu jambo ambalo sasa hawana, nasi hatutalazimika kila mara kutegemea damu ya wanawake wa California na mkojo wa wanaume wa Shanghai.

La pili, chombo cha kupima unyevu wa nafaka kinaweza kununuliwa na chama cha ushirika kwa michango ya wanachama, kikazunguka nyumba kwa nyumba wakati wa mavuno. La tatu, wenye maduka ya pembejeo mliopo hapa, naomba tukubaliane mahali pamoja pa kukusanyia chupa na makopo matupu, yaliyosuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa ndani ya bomba, na kutobolewa ili asiyatumie mtu tena.

Mwenyekiti ameniarifu kwamba kamati ya kata itakaa kabla ya mavuno, na amekubali mambo haya matatu yawekwe katika shauri lake. Mimi nitarudi mahindi yatakapoanza kukauka, nikiwa na chupa na chumvi na hicho kipima unyevu, na tutaanza na maghala ya wale watakaoandika majina yao leo katika meza ile iliyo mlangoni. Sasa nipo tayari kupokea maswali, na ningependa akina mama watangulie.